Kutoka Wilson hadi Kinoo: Rubani Anavyosoma Ramani ya Anga, na Kwa Nini Jambo Hilo Linahusu Paa la Nyumba Yako

Abiria anayepanda matatu katikati ya Nairobi kuelekea Kikuyu huona magorofa, mabango ya matangazo na msongamano wa Waiyaki Way. Kuna jambo moja ambalo halioni kwa urahisi. Kutoka Westlands, kupitia Kangemi na Uthiru hadi stegi ya 87 na Kinoo, gari linapanda karibu njia nzima. Dereva wa lori lenye mzigo analijua hilo kwa sababu hulazimika kushuka gia. Rubani anayetoka Uwanja wa Ndege wa Wilson kuelekea magharibi pia lazima alijue, lakini yeye hana gia ya kumkumbusha. Kinachomkumbusha ni ramani.

Somo hili linaeleza jinsi ramani hiyo inavyosomwa na jinsi rubani anavyohakikisha kwamba kati ya ndege yake na milima, milingoti, nyaya za stima na mapaa kuna nafasi ya kutosha. Pia linaeleza wajibu wa mwenye ploti. Ramani ya anga huchorwa kutokana na taarifa. Mtu akiongeza ghorofa mbili kimya kimya au akisimamisha mlingoti bila kibali, ramani haibadiliki, na rubani hana njia ya kujua.

Kimo na mwinuko si kitu kimoja

Kabla ya kufungua ramani yoyote, kuna maneno mawili ya kutenganisha.

Kimo ni urefu wa kitu kutoka ardhini hadi ncha yake. Fundi akisema jengo lina mita 21, anazungumzia kimo. Mwinuko ni umbali wa kwenda juu kutoka usawa wa bahari. Ndiyo maana watu husema Mlima Kenya una mita 5,199, ingawa anayeutazama kutoka Nanyuki tayari amesimama juu sana kuliko Mombasa.

Mkazi wa kawaida hufikiri kwa kimo. Rubani hupimiwa mwinuko. Kifaa kilicho mbele yake, altimita, hupima mgandamizo wa hewa na kuugeuza kuwa futi kutoka usawa wa bahari. Hakioni ardhi iliyo chini. Ndege ikiruka moja kwa moja bila kupanda wala kushuka huku ardhi ikipanda, altimita itaonyesha tarakimu ile ile, na nafasi iliyo chini ya magurudumu itazidi kupungua.

Altimita pia inategemea namba ya mgandamizo wa hewa ya siku hiyo, ambayo rubani hupewa na mnara wa kuongozea ndege. Kila kipimo kimoja cha hektopaskali kinachokosewa huleta kosa la takriban futi 27 hadi 30. Akikosea vipimo 10, anaweza kuwa karibu futi 300 chini ya pale anapodhani yupo. Hicho ni kimo cha jengo la ghorofa zaidi ya 25.

Ardhi inayopanda kuelekea magharibi

Uwanja wa Wilson, ulio Lang'ata, uko mwinuko wa futi 5,546, sawa na takriban mita 1,690. Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, JKIA, uko chini zaidi, futi 5,330. Ukielekea magharibi na kaskazini magharibi, ardhi haikai hapo. Kinoo iko karibu mita 1,900. Mji wa Kikuyu unapita mita 2,000. Limuru inazidi mita 2,200. Upande wa kusini magharibi, kilele cha juu cha Milima ya Ngong kinafika mita 2,460, yaani futi 8,071. Kaskazini, ardhi ya Lari inaendelea kupanda hadi inapogusa safu ya Aberdare, ambayo kilele chake cha juu kinakaribia mita 4,000.

Kinoo haiko mbali na Wilson. Kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 16. Ndege ndogo inayosafiri kwa kasi ya noti 90 huumaliza umbali huo kwa dakika sita hivi. Katika dakika hizo sita, ardhi imepanda zaidi ya mita 200, karibu futi 690.

Hebu tupige hesabu. Ndege ikipanda vizuri, futi 500 kwa dakika, itakuwa imepata karibu futi 2,900 ikifika juu ya Kinoo. Hapo haina shida. Lakini Nairobi iko juu na hewa yake ni nyepesi. Mchana wa jua kali, ndege ndogo iliyojaa abiria na mizigo inaweza kupanda kwa shida. Ikipanda futi 200 tu kwa dakika, itapata karibu futi 1,150. Ukiondoa futi 690 ambazo ardhi yenyewe imepanda, inabaki na takriban futi 460 juu ya ardhi. Kutoka hapo bado hujaondoa jengo, tangi la maji wala mlingoti.

Kilichomo ndani ya ramani ya anga

Ramani za anga hufuata viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lililotokana na mkataba uliotiwa saini Chicago tarehe 7 Desemba 1944. Ndiyo maana rubani aliyefunzwa Kenya anaweza kusoma ramani ya Tanzania au ya Ufaransa bila kujifunza alama upya. Hapa nchini, taarifa za anga husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA.

Ramani inayotumiwa sana na marubani wanaoruka kwa kutazama nje mara nyingi huwa na kipimo cha 1 kwa 500,000. Sentimita moja kwenye karatasi ni kilomita tano ardhini. Kwa hiyo kutoka Wilson hadi Kinoo ni zaidi kidogo ya sentimita tatu, na Kinoo yote inafunikwa na ukucha wa kidole. Katika nafasi hiyo ndogo, rubani hutafuta mambo manne.

Kwanza, rangi na mistari ya mwinuko. Kadiri ardhi inavyopanda, rangi hubadilika, na vilele muhimu huwekewa nukta na tarakimu.

Pili, alama za vizuizi. Mlingoti au mnara huchorwa kama pembe ndogo iliyochongoka juu, yenye nukta chini yake inayoonyesha mahali ulipo. Ukiwa na taa, pembe hiyo huwekewa miale. Kando yake kuna tarakimu mbili. Ya kwanza ni mwinuko wa ncha kutoka usawa wa bahari. Ya pili, iliyo ndani ya mabano, ni kimo kutoka ardhini. Anayezichanganya hizi mbili anaweza kugonga kitu alichokiona kwenye ramani asubuhi.

Tatu, nyaya za umeme wa nguvu nyingi. Kaunti ya Kiambu inapitiwa na njia kubwa za umeme, zikiwemo zinazotoka upande wa Suswa. Kutoka angani nguzo huonekana, lakini waya wenyewe mara nyingi hauonekani mpaka umeshakaribia. Marubani hufundishwa kutafuta nguzo kwanza, kisha kuvuka juu ya nguzo na si katikati ya nguzo mbili.

Nne, tarakimu kubwa iliyo katikati ya kila mraba wa ramani. Hiyo huonyesha mwinuko wa juu kabisa wa ardhi au kizuizi ndani ya mraba huo. Tarakimu ya kwanza, kubwa, ni maelfu ya futi. Ya pili, ndogo, ni mamia. Mraba wowote wenye kilele cha Ngong cha futi 8,071 hauwezi kuwa na tarakimu iliyo chini ya 8 kubwa na 1 ndogo, yaani futi 8,100.

Ni rahisi kukosea hapo. Tarakimu hiyo inaeleza kizuizi kinaishia wapi. Haielezi mahali salama pa kuruka. Anayeruka futi 8,100 juu ya kilele hicho anakikosa kwa futi 29 tu. Nafasi ya usalama lazima rubani aiongeze mwenyewe.

Kisichochorwa

Kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Ramani hiyo haionyeshi kila kitu. Kwa kawaida, vitu vinavyohesabiwa kuwa vizuizi vya kuchorwa humo ni vile vyenye kimo cha mita 100, takriban futi 300, au zaidi. Ramani ingejaa alama kama kila nguzo ingewekwa, na hakuna ambaye angeweza kuisoma.

Kwa hiyo jumba la KICC, lenye mita 105, linafikia kiwango hicho. Britam Tower kule Upper Hill, lenye takriban mita 200 pamoja na ncha yake, linakipita mbali. Lakini mlingoti wa mita 50 ulio kando ya barabara Kinoo hautaonekana kwenye ramani ya aina hiyo, hata kama umesajiliwa na una kila kibali. Taarifa zake zinaweza kuwa kwenye kumbukumbu za KCAA na katika machapisho mengine ya anga, hasa ukiwa karibu na uwanja wa ndege, lakini si kwenye karatasi iliyokunjwa juu ya goti la rubani.

Ndiyo sababu sheria za anga zinadai nafasi ya ziada. Nafasi hiyo ni kwa ajili ya vitu ambavyo ramani haikuvichora.

Hesabu ya rubani, hatua kwa hatua

Kanuni za kimataifa ziko wazi. Ndege inayoruka kwa kutazama nje juu ya mji au makazi yenye watu wengi inatakiwa iwe angalau futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu zaidi kilicho ndani ya mita 600 kutoka ilipo, isipokuwa inapopaa au kutua, au kwa ruhusa maalum. Nje ya makazi, kiwango ni futi 500 juu ya ardhi. Ndege inayoongozwa na vifaa, bila kutegemea kuona nje, huongezewa zaidi: futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu zaidi ndani ya kilomita 8, na futi 2,000 katika maeneo ya milima.

Rubani makini hufanya hivi kabla ya kuwasha injini:

1. Huhakikisha ramani yake haijapitwa na wakati. Mabadiliko makubwa ya taarifa za anga hutolewa kwa mzunguko wa siku 28 unaofuatwa duniani kote.

2. Husoma matangazo ya muda kwa marubani, yanayojulikana kama NOTAM. Humo ndimo hutajwa kreni iliyosimamishwa kwenye mjengo au taa ya mnara iliyozimika.

3. Huchora mstari wa safari yake, kisha huangalia vizuizi vya kulia na kushoto pia. Upepo na ukungu huweza kuisukuma ndege nje ya mstari.

4. Huchukua mwinuko wa kizuizi kirefu zaidi katika ukanda huo na kuongeza nafasi ya usalama.

5. Hujiuliza kama ndege yake, kwa mzigo wa siku hiyo na joto la siku hiyo, inaweza kufika juu kiasi hicho kabla ya kukifikia kizuizi. Kama haiwezi, hubadili njia, hupunguza mzigo au huzunguka akipanda kwanza.

6. Huamua mapema atafanya nini mawingu yakishuka. Upande wa Limuru na Lari, wakazi wanajua jinsi ukungu wa Julai unavyofunika barabara. Angani hali ni hiyo hiyo, na kugeuka mapema ni salama kuliko kupenya.

Ajali tatu zenye mafunzo

Kenya imeshalipa gharama ya vizuizi hivi. Tarehe 24 Januari 2003, ndege iliyokuwa imewabeba mawaziri wa serikali iligonga nyaya za umeme muda mfupi baada ya kupaa kutoka kiwanja kidogo cha Busia. Waziri wa Leba, Ahmed Khalif, alifariki pamoja na marubani wawili. Nyaya zile hazikuwa mlima. Zilikuwa nyaya za kawaida, za aina ambayo wananchi huzipita kila siku bila kuinua macho.

Tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya Jeshi la Wanahewa iligonga kilima karibu na Marsabit katika hali mbaya ya hewa. Watu 14 walifariki, wakiwemo wabunge waliokuwa wakienda kwenye mazungumzo ya amani.

Tarehe 5 Juni 2018, ndege ndogo iliyokuwa ikitoka Kitale kwenda JKIA ilianguka katika safu ya Aberdare. Watu wote 10 waliokuwemo walifariki, na mabaki yalipatikana baada ya siku mbili za kutafuta katika ukungu na mvua. Safu hiyo ni ile ile ambayo wakazi wa Lari huiona asubuhi anga ikiwa safi.

Milima haihami, na kila mlima uko kwenye ramani. Lakini waya, mlingoti na ghorofa mpya huja baada ya ramani kuchapishwa. Hapo ndipo mwananchi anapoingia katika habari hii.

Mfano wa ploti moja Kinoo

Tuseme mkazi wa Kinoo ana nyumba ya kupangisha ya ghorofa saba. Ardhi ya ploti yake iko mwinuko wa mita 1,900. Kila ghorofa ina mita tatu, kwa hiyo jengo lina mita 21. Juu ya paa kuna chumba cha ngazi na matangi ya maji, jumla ya mita nne. Kisha inakuja kampuni inayotaka kukodi paa hilo kusimamisha mlingoti wa mawasiliano wa mita 25. Kodi yenyewe ni nzuri, na mwenye nyumba ana mkopo wa kulipa. Anaona mlingoti wa mita 25 si mrefu. Kangemi na Uthiru anaiona mirefu zaidi.

Hesabu ya rubani ni tofauti. Mita 21, ukijumlisha 4 na 25, ni mita 50 za kimo. Ukiongeza mita 1,900 za ardhi, ncha ya mlingoti iko mwinuko wa mita 1,950, takriban futi 6,400.

Sasa chukua rubani aliyetoka Wilson akapanda futi 1,000 juu ya uwanja. Altimita yake inasoma takriban futi 6,550. Kama ataendelea na mwinuko huo huo hadi Kinoo akidhani bado ana futi 1,000 chini yake, ukweli ni kwamba ana kama futi 315 juu ya ardhi na futi 150 tu juu ya ncha ya mlingoti. Futi 150 ni mita 46. Ni nusu ya urefu wa uwanja wa mpira.

Ili atimize kanuni ya futi 1,000 juu ya kizuizi hicho, anahitaji kuwa futi 7,400. Atafika huko ikiwa anajua kwamba anahitaji kufika. Na safari hiyo inaweza kuwa ya helikopta inayomkimbiza mgonjwa hospitalini usiku, katika mawingu ya chini, huku taa ya mlingoti ikiwa imeungua tangu mwezi uliopita.

Kibali si karatasi ya kupoteza wakati

Kwa sababu hizo, milingoti ya mawasiliano na majengo marefu huhitaji kibali cha kimo kutoka KCAA. Kibali hiki ni tofauti na ruhusa ya ujenzi inayotolewa na serikali ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Moja haichukui nafasi ya nyingine. Mwenye ploti anayepanga kwenda juu anapaswa kuuliza mapema katika afisi ya mipango ya kaunti ndogo yake, kabla ya kumlipa mchoraji ramani ya nyumba kwa ghorofa ambazo huenda zisiruhusiwe.

Mambo ambayo KCAA inahitaji kuyajua ni yale yale ambayo rubani anayahitaji: mahali hasa pa ploti kwa vipimo vya latitudo na longitudo, mwinuko wa ardhi kutoka usawa wa bahari, na kimo cha jengo hadi ncha ya juu kabisa. Ncha ya juu ina maana ya kuhesabu matangi, chumba cha lifti, antena na kinga ya radi. Vipimo hivyo hufanywa na mpima ardhi aliyesajiliwa. Simu ya mkononi hukosea mwinuko kwa mita nyingi, kwa hiyo haitoshi.

Masharti huwa makali zaidi karibu na uwanja. Kwa uwanja wenye njia ndefu kama JKIA, viwango vya kimataifa huweka dari ya kufikirika iliyo mita 45 juu ya uwanja, ikienea kilomita nne. Kutoka ukingo wake dari hiyo hupanda kwa mteremko wa asilimia 5 hadi ipate mita 100 nyingine. Njia ambazo ndege hupitia zikitua na kupaa zina dari zake za mteremko, na zile za kutua kwa vifaa hufika kilomita 15.

Kinoo iko nje ya dari zile za karibu, na wapo wanaodhani kwamba kwa hiyo hawahusiki. Lakini ardhi ya Kinoo yenyewe iko mita 200 juu ya Wilson. Mlingoti wa mita 50 hapa una ncha iliyo juu zaidi angani kuliko ncha ya mnara wa mita 200 uliojengwa kwenye ardhi yenye mwinuko wa Wilson. Ndiyo maana KCAA huangalia mwinuko wa ncha pamoja na kimo cha jengo, na kila ombi huangaliwa peke yake.

Kibali kinaweza kuja na masharti: kupunguza kimo, kupaka mlingoti rangi za mistari nyekundu na nyeupe au ya machungwa na nyeupe, na kuweka taa nyekundu juu. Masharti hayo huendelea kuwepo baada ya ujenzi. Taa ikizimika, mwenye mlingoti anapaswa kuirekebisha na kutoa taarifa ili marubani watangaziwe. Anayekodisha paa lake afanye jambo moja la busara: mkataba useme wazi nani anayetunza taa na nani anayeilipia stima.

Mambo mengine ya kuangalia

Kreni. Kreni ya ujenzi mara nyingi huwa ndefu kuliko jengo lenyewe. Mwanakandarasi aieleze katika ombi lake, pamoja na tarehe ya kuisimamisha na ya kuiondoa.

Helikopta kwenye hafla. Harusi, mazishi na mikutano ya kisiasa huleta helikopta kwenye viwanja vya shule na makanisa. Mwenye uwanja ana wajibu wa kumweleza rubani au kampuni yake mapema kuhusu nyaya, nguzo na milingoti iliyo kando. Nyaya za stima zinazovuka kona ya uwanja hazionekani vizuri kutoka juu. Mahema na viti vya plastiki vikae mbali, na watoto wazuiwe.

Droni. Droni nchini Kenya inahitaji kusajiliwa na KCAA, na hairuhusiwi kupita futi 400 kutoka ardhini bila idhini. Mpiga picha wa harusi anayerusha droni akumbuke kwamba helikopta inayotua iko katika nafasi hiyo hiyo ya hewa.

Taa iliyozimika. Mkazi anayeona taa ya mnara haiwaki usiku baada ya usiku anaweza kumjulisha mwenye mnara, KCAA, au afisi ya wadi ambayo itapeleka taarifa. Aeleze mahali ulipo, tarehe na saa. Taarifa ya mstari mmoja inatosha.

Jipime

Swali la 1. Kwenye ramani ya anga, alama ya mlingoti imeandikwa 7,350 na chini yake 330 kwenye mabano. Ardhi iliyo chini ya mlingoti iko mwinuko gani? Jibu: futi 7,020. Tarakimu ya kwanza ni mwinuko wa ncha, ya pili ni kimo. Tofauti yake ni ardhi.

Swali la 2. Rubani anaruka juu ya makazi ambako kizuizi kirefu zaidi ndani ya mita 600 kina ncha ya futi 6,900. Anatakiwa awe juu kiasi gani? Jibu: angalau futi 7,900 kutoka usawa wa bahari.

Swali la 3. Mwenye nyumba ana kibali cha KCAA cha jengo la mita 24. Anataka kuongeza tangi la maji na antena vitakavyofika mita 32. Je, kibali cha zamani kinatosha? Jibu: hakitoshi. Kibali ni cha ncha ya juu iliyotajwa katika ombi. Akipandisha ncha, aombe upya kabla ya kujenga.

Swali la 4. Mlingoti wa mita 50 umesajiliwa na una taa. Je, rubani atauona kwenye ramani ya 1 kwa 500,000? Jibu: kwa kawaida hapana, kwa sababu haufiki mita 100. Kinachomlinda rubani hapo ni futi 1,000 za nafasi ya usalama na taa inayowaka. Kanuni ya futi 1,000 ni kazi yake. Taa ni kazi ya mwenye mlingoti.